Ni Nani Aionaye Kazi ya Fundi?

Katika miji yetu ya pwani neno “Kichina” lina maana mbili zisizopatana. Mtu akinunua swichi ya umeme, ikayeyuka kabla mwezi mwingine haujaandama, utamsikia akisema, “Si ya Kichina hiyo, ulitaraji nini?” na wote waliopo barazani hutikisa vichwa kana kwamba jambo limekwisha kuelezwa. Lakini mtu huyo huyo mpeleke Lamu, umwonyeshe zidaka za nyumba za kale ambamo mabibi walipanga sahani na mabakuli ya kaure. Au mpeleke Mambrui, au Kunduchi, akaone nguzo za makaburi zilizopachikwa vyombo vya namna hiyo. Atakwambia kwa fahari kuwa hivyo navyo ni vya Kichina, na kwamba wazee wetu walikijua kitu kizuri.

Watu ni wale wale. Nini basi kiliwafanya watoe sahani ya kudumu mamia ya miaka, kisha watoe na swichi isiyomaliza mwezi? Swali hili si la biashara peke yake. Ni swali la tabia, na sisi Waislamu wa pwani linatugusa kwa njia mbili. Vitu hivyo vimo majumbani mwetu, juu ya vitanda vya watoto wetu na ndani ya vikombe vyao. Na wanaokwenda kuviagiza na kuvileta, wengi wao ni ndugu zetu tunaosimama nao safu moja msikitini.

Wanaosomea uendeshaji wa viwanda wameandika sana juu ya mila za Wachina na ubora wa kazi. Wengi husema hivi: Mchina amelelewa kwa mafunzo ya Confucius, mwalimu aliyefariki mwaka 479 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (A.S.). Mafunzo hayo humtaka mtu amheshimu mkubwa wake, ajihesabu kuwa ni kiungo cha jamaa na si mtu wa peke yake, avumilie kazi ndefu, na auchunge uso wake mbele ya watu. Basi, wanasema, mtu aliyelelewa hivyo ukimtia kiwandani atafuata kanuni, atasikilizana na wenzake, na ataona haya kutoa kazi mbovu. Maneno haya yana ukweli ndani yake, lakini nayaona ni nusu ya habari. Tabia hizo hizo, yaani utii na haya na kulinda uso, ndizo pia zinazoweza kuificha kasoro mpaka iue. Tusitosheke na kuambiwa kuwa fundi ana haya. Tuulize anamwonea haya nani.

Tuanze na haya ya kumwogopa mkubwa, kwani ndiyo ya kale kuliko zote. Mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an walikutana na jeshi la sanamu za udongo alizozikiwa mfalme Qin Shi Huang, aliyekufa mwaka 210 kabla ya Nabii Isa. Katika mashimo hayo zilitoka silaha za kweli za shaba, na baadhi yake zimechongwa maandishi: jina la waziri mkuu Lü Buwei aliyekuwa juu ya kazi yote, kisha mkuu wa karakana, mpaka jina la fundi aliyeifanya. Miaka elfu moja na mia kadhaa baadaye, katika karne ya 14, ukuta wa mji wa Nanjing ulijengwa kwa matofali yaliyopigwa chapa ya wilaya yalikotoka, maofisa waliosimamia, na mtu aliyeyachoma. Tofali likipasuka, hapana awezaye kusema halijui lilikotoka.

Viwanda vya leo vinafanya jambo hilo hilo kwa namba badala ya majina, na wala si jambo dogo. Kazi isiyo na mwenyewe huharibika haraka. Lakini tuangalie nguvu yake inatoka wapi. Fundi wa Qin alijua kuwa jina lake ndilo litakalomfikisha kwa hakimu. Ni nguvu ya khofu, na khofu ya hakimu haipiti pale lilipokomea jicho la hakimu.

Ukitaka kuona khofu hiyo imefika mwisho wake, nenda Jingdezhen, mji wa kaure. Hapo palikuwa na tanuri za wafalme wa ukoo wa Ming. Chombo kikitoka na doa, au rangi ikichuruzika kidogo, au umbo likipinda, hakikuuzwa kwa bei nafuu wala hakikupewa mtu masikini akalie wali. Kilivunjwa na kuzikwa hapo hapo. Wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua malundo ya vigae hivyo, wakaviunganisha kipande kwa kipande, na vingine ukivitazama huioni kasoro mpaka uonyeshwe. Kwa nini walivunja? Kwa sababu chombo chenye ila hakimfai mfalme, na chombo cha mfalme hakimfai raia. Sisi huku tulipokea zaidi vya tanuri za watu binafsi, ambavyo havikuwa na mfalme wa kuviogopa, na bado vilikuwa vizuri. Kwa hivyo khofu ya mfalme haitoshi kueleza uzuri ule.

Sasa twende kwenye kiwanda cha zama zetu, maana kuvunja kulirudi tena. Mwezi wa Desemba 1984 kijana mmoja wa miaka 35, Zhang Ruimin, alikabidhiwa kiwanda cha mafriji katika mji wa bandari wa Qingdao. Kiwanda kilikuwa kinakufa. Jueni hali ilivyokuwa: miongoni mwa kanuni za kwanza alizobandika ukutani ilikuwemo ya kuwakataza wafanyakazi wasijisaidie ndani ya karakana. Mwaka uliofuata mnunuzi mmoja alilalamika juu ya ubovu wa friji. Zhang akaingia ghalani, akayakagua mafriji kama 400 yaliyokuwamo, akakuta 76 yana kasoro.

Wafanyakazi wakashauri yauzwe kwao wenyewe kwa bei ndogo, kwani mengi yalikuwa yakifanya kazi, yamekwaruzika tu au yana kasoro ndogo. Friji moja wakati huo ilikuwa karibu mshahara wa miaka miwili wa mfanyakazi. Zhang akakataa. Akaamuru yapangwe uwanjani, na wale wale walioyatengeneza wayavunje kwa nyundo kubwa. Pigo la kwanza alilipiga yeye, na mshahara wake wa mwezi huo akaukata. Watu walilia. Mwaka 1988 kiwanda kile kilipata nishani ya dhahabu ya taifa kwa ubora wa mafriji; leo ni kampuni ya Haier, iliyonunua mwaka 2016 shughuli za vyombo vya nyumbani za kampuni ya General Electric ya Marekani. Ile nyundo imewekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Beijing.

Wanaoisimulia hadithi hii husifu ukali wa mkuu wa kiwanda. Mimi naona wanasifu pasipo pahala pake. Wakali walikuwa wengi nchini mle, na mafriji yakaendelea kuwa mabovu. Jambo jipya ni kwamba haya ilitolewa nje ikaonekana, na ilianzia juu. Confucius aliwafundisha watu wake kuwa mtawala aliyenyooka hana haja ya kupiga kelele, na aliyepinda hata akipiga kelele hafuatwi. Mkubwa alipoukata mshahara wake mwenyewe, mdogo hakuwa tena na sababu ya kumfichia uso. Na jambo la pili: mfalme wa Ming alivunja kwa ajili ya nafsi yake, lakini pale Qingdao aliyewavunjisha alikuwa ni mnunuzi, mtu wasiyemjua jina, aliyekaa kwake na friji mbovu.

Najua msomaji wetu hapa atanyanyua kidole. Je, kuvunja mali ya watu na hali kuna wasionacho, si ubadhirifu? Swali ni la haki, na wanazuoni wetu wamelizungumza zamani. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliyamwaga maziwa yaliyotiwa maji ili kumtia adabu muuzaji, na imepokewa kwa Imam Malik kuwa yeye aliona bora maziwa ya namna hiyo yatolewe sadaka kwa masikini, muuzaji akose thamani yake na mwenye njaa afaidike. Rai zote mbili zinamtia adabu mdanganyifu. Mimi moyo wangu uko kwa Imam Malik. Lakini naelewa kwa nini Zhang hakuwauzia wafanyakazi kwa bei rahisi, kwani rai yao haikuwa rai ya Malik. Wao waliotia kasoro ndio wangepata friji kwa bei ya chini, na kiwanda kinachowapa watu wake faida kwa kazi mbovu kitapata kazi mbovu zaidi.

Nimetaja maziwa, na sitaweza kuyapita hivi hivi.

Watoto wetu wa chuoni wanakijua kisa cha Sayyidna Umar akizunguka mitaa ya Madina usiku. Alimsikia mama akimwamrisha binti yake ayatie maji maziwa ya kuuza. Binti akakataa, akamkumbusha mama yake kuwa Khalifa amekwisha kataza. Mama akamwambia kuwa Umar hayupo hapo kuwaona. Binti akamjibu kwamba ikiwa Umar haoni, Mola wa Umar anaona. Husimuliwa kuwa Sayyidna Umar alimwoza binti huyo kwa mwanawe, na kizazi chake ndicho alichotoka Umar bin Abdul-Aziz.

Sasa sikilizeni yaliyotokea China mwaka 2008. Katika mkoa wa Hebei, mji wa Shijiazhuang, ilikuwapo kampuni kubwa ya maziwa ya unga iitwayo Sanlu. Maziwa yalikusanywa kutoka kwa wafugaji wadogo kwa mikono ya watu wa kati, na baadhi ya hao waliyatia maji, kama alivyotaka mama yule wa Madina. Kiwanda kilipima protini ya maziwa, lakini kipimo chenyewe hakikupima protini hasa. Kilipima naitrojeni iliyomo, kikakisia protini kwa hiyo. Wajanja wakaigundua njia. Wakayatia maziwa melamini, dawa ya viwandani inayotengenezewa sahani ngumu za plastiki, ambayo ina naitrojeni nyingi. Kipimo kikasoma vizuri. Watoto wachanga wakapata vijiwe vya figo. Waliougua walikuwa kama 300,000, na sita walikufa.

Malalamiko ya wazazi yalianza kuifikia kampuni mwishoni mwa 2007. Tarehe 2 Agosti 2008 baraza la kampuni lilikuwa limekwisha jua, na wakuu wa mji wakaarifiwa. Michezo ya Olimpiki ilikuwa ifunguliwe Beijing tarehe 8. Wakuu wa mji walikaa na habari ile wasiipandishe mkoani mpaka tarehe 9 Septemba, na wakati huo wote maziwa yalikuwa madukani na vinywani. Ilibidi serikali ya New Zealand, iliyoarifiwa na kampuni ya kwao yenye hisa katika Sanlu, iseme na Beijing. Baadaye wakaja mahakimu: watu wawili waliuawa kwa hukumu mwaka 2009, na mwenyekiti wa kampuni, mwanamke wa makamo aliyepata kusifiwa nchi nzima, alifungwa maisha.

Fikirini ni watu wangapi walijua. Aliyetia melamini alijua. Aliyepokea huenda alishuku. Wa maabara, wa mauzo, wa ofisi ya mji. Na kila mmoja alikuwa na mkubwa ambaye hakutaka kumwaibisha, na mkubwa huyo alikuwa na mkubwa wake, mpaka ikawa uso wa taifa zima katika siku za sherehe. Wachina wana neno, mianzi, ambalo maana yake ni uso, na kwao kumvunjia mtu mianzi ni jambo zito kama kwetu kumuumbua mtu mzima mbele ya wakwe. Heshima ya namna hiyo ni nzuri sebuleni. Ikiingia maabara, mdogo hawezi kumwambia mkubwa kuwa maziwa haya yana sumu. Na kampuni ile, isisahauliwe, ilikuwa na heshima nyingine ukutani: bidhaa zake zilipewa na serikali ruhusa ya kutokaguliwa, kwa kuwa zinaaminika. Ruhusa za namna hiyo zilifutwa mwezi ule ule wa Septemba.

Hii ndiyo sababu sishangazwi sana na vyeti. China leo ina vyeti vya ISO 9001, vile vya kimataifa vya uendeshaji wenye ubora, kuliko nchi yoyote duniani. Cheti ni kitu kizuri ikiwa daftari nyuma yake ni la kweli. Lakini cheti kimetundikwa kikitazama mgeni.

Na hapa nataka nikupelekeni kwenye kibao kingine. Katika mji wa Hangzhou lipo duka la dawa za kienyeji la mwaka 1874, liitwalo Hu Qing Yu Tang. Mwenyewe, Hu Xueyan, alikuwa tajiri mkubwa wa zama zake, aliyefilisika baadaye kwa biashara ya hariri. Duka lina vibao vingi vya maandishi mazuri, na vyote vinamtazama mteja aingiaye, kama ilivyo kawaida ya vibao. Kimoja tu, cha mwaka 1878, kimegeuzwa. Kinatazama ndani, upande wa watumishi, mteja hakioni. Kina herufi mbili kubwa zenye maana ya kujiepusha na udanganyifu. Huyo mzee alijua kuwa haja ya maneno hayo haikuwa kwa mnunuzi.

Beijing liko duka kongwe zaidi, Tongrentang, lililoanzishwa mwaka 1669 na ukoo wa Yue, likawa likipeleka dawa jumba la mfalme tangu 1723. Wenyewe wana kanuni mbili mashuhuri. Ya kwanza ni kwamba dawa hata ikiwa na mapishi mengi hawatapunguza kazi, na hata ikiwa na viungo vya ghali hawatapunguza viungo. Ya pili ni kwamba dawa hutengenezwa pasipo na mtu wa kuona, lakini nia iliyomo moyoni Mbingu inaijua.

Msomaji ataona mara moja jinsi maneno haya yalivyo karibu na yale ya binti wa Madina. Tena si ajabu duka la dawa ndilo lililoyasema. Friji mbovu utaiona, na swichi mbovu itanuka. Lakini dawa iliyopunguzwa kiungo, mgonjwa atakufa akidhani ni ajali yake. Kazi ambayo mnunuzi hawezi kuikagua haina mlinzi ila moyo wa aliyeifanya. Wafuasi wa Confucius wana somo maalumu juu ya hili: kwamba muungwana hujilinda zaidi anapokuwa peke yake. Wala hawakulichukulia kuwa ni pambo la maneno. Wanafunzi walilisoma kwa karne nyingi kabla ya kupewa kazi ya serikali.

Nisije nikafahamika vibaya. Mbingu waisemayo wao si sawa na Mwenyezi Mungu tumjuaye sisi, aliyejieleza kwa Kitabu na Mitume na atakayetuhisabu siku ya mwisho. Bwana Mtume (S.A.W.), katika hadithi mashuhuri ya Jibril, alitueleza Ihsani kuwa ni kumwabudu Mwenyezi Mungu kana kwamba unamwona, na kujua kwamba ikiwa humwoni Yeye anakuona, na hiyo ni daraja nyingine kabisa. Lakini Waislamu wa China wenyewe hawakuona vibaya kuukiri ukaribu uliopo. Liu Zhi, mwanachuoni wa Nanjing wa karne ya 17 na 18, aliandika kwa Kichina vitabu vya kuueleza Uislamu kwa maneno ambayo msomi aliyelelewa kwa Confucius angeyafahamu. Na neno wanalolitumia Waislamu wa huko kwa dini yao na kwa chakula cha halali, ambalo utaliona limeandikwa juu ya milango ya mikahawa yao, ni qingzhen: herufi ya kwanza ni usafi, ya pili ni ukweli. Kwetu tukisema halali akili huenda kwenye kisu na mnyama. Wao wameutia ukweli ndani ya jina lenyewe, na naona wamepata.

Je, kanuni ile iliwalinda Tongrentang milele? Haikuwalinda. Mwishoni mwa 2018 televisheni ya taifa ilionyesha kuwa kiwanda kimoja cha mkoa wa Jiangsu kilichokuwa kikiwafungia asali kilichukua asali iliyopitwa na muda na kubadilisha tarehe zake. Mwaka 2019 kampuni yao ya asali ilitozwa faini ya yuani milioni 14 na zaidi. Miaka 350 ya jina zuri, na kanuni imeandikwa pale pale. Wengine huliona tukio hili kuwa dalili ya kwamba mila ni maneno matupu. Mimi nalisoma vingine. Kanuni ilikuwa ya ukoo uliokaa nyuma ya duka, baba akimwonyesha mwana jinsi ya kuchemsha. Kampuni iliyotanuka, ikawapa kazi watu wa mbali kwa mkataba, iliweza kuwapelekea nembo kwa siku moja, lakini moyo haupelekwi kwa lori. Ilihitajika na jicho la mkaguzi, na daftari, na mdogo mwenye ruhusa ya kusema. Mwenye kutegemea uchamungu wa watu asiowalea, bila ya kuwakagua, naye ana sehemu yake katika kosa.

Sasa turudi kwetu, kwani sisi nasi tuna mianzi yetu, nayo tumeivika kanzu ya dini. Tunasema, “Sitiri ya mwenzio.” Kijana wa dukani ameona tarehe za makopo zimefutwa, akanyamaza kwa kuwa mwenye duka ni ami yake, na kumfedhehesha ami si adabu. Sitara ni jambo tukufu katika Uislamu, lakini ni sitara ya dhambi ya mtu baina yake na Mola wake. Ila ya bidhaa si siri ya muuzaji. Ni haki ya mnunuzi. Bwana Mtume (S.A.W.) alipotia mkono wake katika rundo la nafaka sokoni na vidole vyake vikakuta umajimaji chini, mwenyewe alisema imenyeshewa na mvua. Hakuambiwa kuwa mvua ni kosa lake. Aliulizwa kwa nini hakuiweka ile iliyorowa juu, watu waione. Na katika madhehebu yetu ya Imam Shafi wanazuoni wamekwenda mbele zaidi: si muuzaji peke yake apaswaye kuieleza ila, bali hata mtu wa pembeni anayeijua, ambaye hana faida yoyote katika mauzo hayo, ni wajibu wake kumwambia mnunuzi. Kwa hukumu hiyo kijana wa dukani hana pa kujificha nyuma ya ami yake, wala mchukuzi, wala karani wa forodha.

Na mwagizaji je? Mwendo wake unajulikana. Anafika Guangzhou, Ijumaa anasali katika msikiti wa Xianxian pamoja na Waarabu na Wasomali na Wahausa, jioni au kesho yake yuko sokoni au kiwandani, au amepanda gari la moshi kwenda Yiwu. Mwenye kiwanda humwonyesha swichi tatu zinazofanana kwa sura kama mapacha, na bei tatu. Tofauti iko ndani, ni unene wa shaba na aina ya plastiki. Mchina yule hajamdanganya. Amemweleza waziwazi ipi ya kudumu na ipi ya kuungua. Ndugu yetu huchagua ya tatu, huomba ipigwe chapa ya kampuni ya Ulaya, na ikifika kwetu ikayeyuka sisi tunamtukana Mchina.

Kuuza kitu duni si haramu ukikieleza kuwa ni duni. Masikini naye anataka kununua, na kikombe kisichodumu bado hunywewa chai. Lakini swichi haiko katika hukumu ya kikombe. Chumba cha watoto kina godoro la sponji na pazia, na waya umepita ukutani nyuma ya kabati. Hapo haitoshi mwagizaji kusema aliuza rahisi na mnunuzi aliridhika. Mnunuzi aliridhika na bei. Unene wa shaba hakuuona, na aliyeuona ni yeye mwagizaji, siku ile alipoonyeshwa zile tatu.